Jino Likitoka Zima, Lirudishwe Haraka

SWALI: Daktari, mtoto wa miaka 10 akianguka, jino la mbele likatoka zima, tulifunge kwenye kitambaa kisafi mpaka tufike hospitali?

JIBU: Hapana. Kitambaa hulikausha, na ukavu ndio unaoliua jino. Mzizi umefunikwa na utando mwembamba wa chembe hai zinazolishikiza jino kwenye mfupa. Zikikaa kavu dakika 30 hadi 60, nyingi hufa. Kwa hiyo shika sehemu nyeupe inayoonekana mdomoni, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze kwa maziwa au maji safi kwa sekunde chache, bila sabuni wala kusugua. Kisha lirudishe kwenye tundu lake, mtoto aume kitambaa taratibu, na mwende kwa daktari wa meno mara moja.

Wapo watakaosema kazi hiyo ni ya daktari. Hofu yao naielewa, lakini mpaka mfike kwake huenda nyingi ya chembe zile zikawa zimekufa. Mkishindwa kulirudisha, litieni kwenye maziwa baridi. Msilihifadhi kwenye maji, kwani huingia ndani ya chembe hizo na kuzipasua. Jino lisilorudishwa ni la utoto, maana laweza kuumiza la kudumu litakaloota mahali pake. Lakini mtoto wa miaka 10 kwa kawaida ameshabadilisha meno ya mbele. Akiwa amezimia au anatapika, liacheni jino lisubiri kwenye maziwa: kichwa kiangaliwe kwanza.