Taa ya Njano: Mafunzo Sita Niliyopata kwa Breki za ABS

Masika ya mwaka juzi nilikuwa nateremka kilima cha karibu na Mtambile, Pemba, nikienda bandari ya Mkoani kumpokea mama yangu. Taa ya njano yenye herufi ABS ikawaka kwenye dashibodi. Gari langu ni dogo, la Kijapani, la mwaka 2001. Breki zilishika kama kawaida, nikapuuza. Wiki ya pili yake, mvua ikinyesha, mbuzi alikata njia mbele yangu. Nilikanyaga breki kwa nguvu, tairi za mbele zikafunga, nikakata usukani na gari lisigeuke. Liliteleza moja kwa moja hadi ukingoni mwa mtaro. Nilisalimika, na tangu siku hiyo nikaanza kutafuta ugonjwa wa gari langu.

1. Breki kushika ni jambo moja, gari kutii usukani ni jingine

ABS ya kompyuta iliyotengenezwa na Bosch iliingia kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978. Katika gari langu, kila gurudumu lina sensa inayohesabu mzunguko wake. Gurudumu likitaka kufunga, kompyuta hulegeza nguvu ya mafuta ya breki kisha huirudisha, mara nyingi ndani ya sekunde moja, ili tairi izidi kuzunguka na dereva aweze kukwepa. Mfumo huu ukifa, breki za kawaida hubaki, ndiyo maana wengi twaupuuza. Lakini Pemba ni vilima na kona, na masika udongo mwekundu hushuka hadi juu ya lami. Hapo kukwepa ndiko kupona. Na taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja na ile ya njano, simamisha safari.

2. Taa ni shahidi, usimzibe mdomo

Fundi wa kwanza alinishauri kwa nia njema: "Maalim, tutoe balbu tu, gari yako inatembea." Nilikataa. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Balbu ikitolewa, ugonjwa unabaki pale pale, na atakayeendesha gari baada yangu hatajua kamwe.

3. Namba ya kosa hukuonyesha mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe

Gari langu husema kosa lake kwa kumweka taa. Kitabu chake kinaelekeza kuunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani. Taa ikamweka mara 3, ikapumzika, ikamweka mara 1. Namba 31 ni sensa ya mbele kulia. Usijaribu hivyo bila kitabu cha gari lako, maana tundu lisilo lake laweza kuunguza kompyuta. Nilipoiona namba nikaagiza sensa iliyotumika kutoka Unguja kwa shilingi 60,000. Ikaja kwa boti, ikafungwa, na taa ikabaki vile vile.

4. Pima kwanza, nunua baadaye

Fundi mmoja mtu mzima wa Wete aliniuliza swali moja tu: "Maalim, umekunywaje dawa kabla hujapimwa damu?" Akaipima sensa yangu ya zamani kwa mita: takriban ohimu 1,000, nzima kabisa. Kisha akapima kutokea kwenye plagi ya kompyuta: waya hausomi. Basi kosa lilikuwa katikati. Tulifungua plastiki ya madigadi tukaikuta plagi ya sensa, pini zake zimeliwa na kutu ya kijani. Magari mapya zaidi yana sensa za aina nyingine zisizopimwa hivi, kwa hiyo fundi ajue kwanza ni ya aina gani.

5. Kisiwani chumvi hailali

Tulikata pini zilizooza, tukaunga waya kwa risasi na kuufunika usiingie maji. Ncha ya sensa ina sumaku, nayo ilikuwa imejaa vumbi la chuma, tukaifuta. Meno ya ringi inayoipitia tukayasugua taratibu kwa brashi. Siku hizi nikitoka pwani naosha gari hadi chini kwa maji baridi. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo nayabadilisha kila baada ya miaka 2, ya daraja lile lile lililoandikwa kwenye mfuniko.

6. Kazi haijaisha mpaka ijaribiwe

Tulifuta kosa kwenye kompyuta, na alfajiri, kwenye barabara tupu yenye maji, nikakanyaga breki kwa nguvu nikiwa kwenye kilomita 40 kwa saa. Pedali ikatetemeka mguuni, gari likageuka nilikotaka. Mtetemo huo ndio ABS inafanya kazi. Usiachie mguu, wala usipampu kama tulivyofundishwa kwa magari ya zamani. Kanyaga, shikilia, elekeza usukani.

Ndugu yangu unayetaka kununua gari lililotumika, kabla hujatoa pesa fungua swichi na uitazame dashibodi. Taa ya ABS lazima iwake, kisha izimike baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, muulize muuzaji balbu iko wapi.