SOMO LA ROBO HII: KUHUDUMU HADI MWISHO

Masomo: Yohana 15:13, Wafilipi 1:20–24



Safari hii tumtazame Dk. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, karibu na mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda.

Oktoba 2000 alikuwa masomoni Kampala. Akapigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa ugonjwa usiojulikana. Alirudi, akapitia majalada ya wagonjwa, akashuku Ebola na kuiarifu Wizara ya Afya. Vipimo vilithibitisha. Mlipuko ule uliwapata watu 425, wakafa 224.

Kuna jambo ambalo mahubiri mengi hulipita. Lukwiya hakuwaambia wauguzi wamtumaini Mungu tu. Alitenga wodi, akasimamia uvaaji wa glavu, barakoa na gauni, na waliohudumu humo walijitolea kwa hiari. Hata hivyo Novemba wauguzi kadhaa walikufa ndani ya siku chache, na wenzao wakataka hospitali ifungwe. Akawaambia anayetaka kwenda aende, yeye atabaki. Wengi walibaki.

Usiku mmoja aliitwa kwa muuguzi mwenzao aliyekuwa akitapatapa na kutoka damu. Alivaa vyote isipokuwa miwani ya kukinga macho. Inaaminika hapo ndipo alipoambukizwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000.

Yeye alikuwa Mprotestanti katika hospitali ya Kikatoliki. Alizikwa humo humo, kando ya Dk. Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada aliyeijenga Lacor pamoja na mumewe, Dk. Piero Corti. Mama huyo aliambukizwa VVU akiwapasua majeruhi wa vita. Alijua mwaka 1985, akaendelea na kazi kwa miaka mingi; alifariki 1996.

Ndugu wanakamati, ndugu wafadhili, tunapenda kuwasifu watu wa namna hii wakishalala. Lakini wapo akina mama wa jumuiya wanaoosha wagonjwa majumbani kwa mikono mitupu. Sanduku la glavu halipigwi picha ya uzinduzi kama jengo, nalo huondolewa la kwanza bajeti inapopunguzwa.

Maswali ya kujadili katika kamati:

1. Paulo alitamani kwenda kwa Kristo, akaona ni heri abaki kwa ajili ya wengine. Mgonjwa wa siku nyingi katika parokia yetu bado anaweza kutuhudumia kwa lipi?

2. Wahudumu wetu wa majumbani ni wangapi, na mwezi uliopita walipewa glavu?