Haluli ya Kila Mwezi

Ndugu zetu Waislamu wa Wasini, wako wasemao kwamba mwili hukusanya sumu, na kwamba yampasa kila mtu anywe sanamaki kila mwezi ili aitoe, ijapokuwa ni mzima. Jambo hili lataka kutazamwa kwa akili.

Mwenyezi Mungu ameumba ini na figo. Ini huvunja sumu nyingi; figo huchuja damu usiku na mchana, zikatoa taka kwa mkojo. Sanamaki haifanyi kazi hiyo. Huusukuma utumbo tu. Kitokacho ni choo, pamoja na maji na chumvi za mwili. Na mwili ukipungukiwa mno na maji, hudhurika figo zile zile.

Huenda mtu akasema: Sanamaki imetajwa katika Hadithi. Ni kweli, lakini imetajwa kuwa ni dawa. Na dawa ni ya mwenye maradhi, si ada ya kila mwezi.

Sumu ya kweli iko. Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walikufa kwa kula nyama ya kasa. Sumu ile haiondoki kwa kupikwa, wala haijajulikana dawa ya kuivunja. Kinga yake ni kutoila.

Basi aliye mzima na anywe maji, ajiepushe na israfu ya chakula. Na mgonjwa aende kwa tabibu. Wala tusiwanyweshe haluli watoto wetu kwa kufuata mazoea. Mwili ni amana, na amana huulizwa.