Pesa Imeingia, Oda Bado "Haijalipwa"? Angalia Cheti cha Tovuti Yako

Jumamosi moja mwenye duka la viatu alitupigia simu akiwa amechemka. Wateja saba walikuwa wamelipa tangu asubuhi. Pesa ilikuwa imekatwa na meseji za kuthibitisha walikuwa nazo, lakini kwenye tovuti yake oda zote saba zilisema "haijalipwa". Mmoja alikuwa ashaanza kumwita tapeli.

Tuliangalia tukakuta pesa yote iko kwa akaunti yake, salama. Shida ilikuwa cheti cha tovuti. Muda wake ulikuwa umeisha usiku wa kuamkia siku hiyo, na mfumo wetu hauwezi kupeleka taarifa ya malipo kwa seva iliyoshindwa kujitambulisha.

Kama tovuti yako iko kwenye seva unayoisimamia mwenyewe, somo hili ni lako. Kama wewe ni mnunuzi tu, vumilia, neno lako liko mwisho.

Mteja akiandika jina, nambari ya simu na mahali pa kupelekewa mzigo, maneno hayo hupitia mikono mingi kabla ya kufika kwako: waifai ya mkahawa, kampuni ya intaneti, mitambo ya huku na kule. Anwani ikianza na http tupu, ni kama kumpa kondakta wa matatu barua isiyo na bahasha ampelekee shangazi yako Kitale. Yeyote njiani anaweza kuisoma, na mbaya zaidi, anaweza kubadilisha tarakimu moja na usijue. Ikianza na https, ujumbe unasimbwa kwa siri, halafu cheti kinathibitisha kwamba seva inayojibu ndiyo yenye jina hilo kweli. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu nambari ya simu ya mteja kuwa taarifa yake binafsi, na wewe unayeipokea una wajibu wa kuilinda.

Cheti chenyewe ni bure. Let's Encrypt, shirika lisilo la faida, limekuwa likivitoa tangu 2015. Fundi akikuitisha maelfu, muulize kama ni bei ya cheti au ya kazi yake. Kazi ni haki yake alipwe, lakini usiuziwe kitu cha bure.

Kabla ya kuanza, hakikisha jina la tovuti linaelekezwa kwa anwani ya IP ya seva yako, na kwamba mlango wa 80 na wa 443 iko wazi. Wengi hukwama hapa, kwa sababu wamefungua milango ndani ya seva na kusahau kwamba kampuni inayowakodisha seva ina ukuta wake mwingine. Kisha, kama unatumia Ubuntu na Nginx:

sudo apt install certbot python3-certbot-nginx
sudo certbot --nginx -d jinalako.co.ke -d www.jinalako.co.ke

Usiache ile ya www, kuna wateja huiandika. Certbot itakuuliza barua pepe na kama unakubali masharti, kisha itapanga Nginx yenyewe. Ikikataa, usirudie rudie kwa hasira. Soma kosa kwanza, maana ukishindwa mara tano ndani ya saa moja unazuiwa kwa muda.

Sasa turudi kwa mwenye viatu. Cheti cha kawaida cha Let's Encrypt hudumu siku 90, na Certbot hujaribu kukihuisha yenyewe muda ukikaribia. Kwake ilijaribu tena na tena na kushindwa. Kumbe baada ya kuweka cheti, kijana wake alifunga mlango wa 80 "kwa usalama", na huo ndio mlango ambao Let's Encrypt hupitia kuhakikisha seva ni yako. Barua pepe za kukumbusha nazo Let's Encrypt iliacha kuzituma 2025, kwa hivyo hakuna aliyemwambia. Amri hii ingemwonyesha tatizo mapema:

sudo certbot renew --dry-run

Ijaribu leo, halafu weka kikumbusho kwa simu uirudie kila mwezi. Alipofungua mlango na kuhuisha cheti, taarifa mpya zilianza kuingia hapo hapo. Zile oda saba ilibidi azilinganishe na taarifa ya akaunti kwa mkono, moja baada ya nyingine, huku akiomba radhi kwa simu.

Kitu kingine: faili ya privkey.pem ndiyo ufunguo wenyewe. Usimtumie mtu kwa WhatsApp, hata kama ni fundi. Na ukishamaliza, badilisha anwani ya kupokea taarifa za malipo uliyoisajili kwetu ianze na https.

Kwa mnunuzi: https inakuhakikishia njia imefungwa na jina la tovuti ni lenyewe. Haisemi muuzaji ni mwaminifu. Tapeli naye hupata cheti cha bure kama wewe, kwa hivyo soma jina lote la tovuti, herufi kwa herufi. PIN huandikwa kwenye simu yako pekee, pale ombi la malipo linapotokea. Ukurasa wa tovuti ukikuuliza PIN, ufunge na utupigie.