Turubai Likishashushwa

Siku ya mazishi mfiwa hakosi watu. Turubai limefungwa tangu juzi, viti vya kukodi vimejaa, kwaya imefika, na katibu wa jumuiya anasoma majina ya waliochanga. Upendo wa siku hiyo una thamani yake, kwa maana bila huo familia nyingi zisingeweza kuzika. Ila Paulo, alipowaandikia Wakristo wa Rumi katika sura ya 12 kwamba upendo wao usiwe wa unafiki, aliendelea kutaja mambo ya nyumbani yasiyo na shangwe: kugawana na wenye shida, kukaribisha wageni, kulia pamoja na waliao. Hayo hudumu baada ya turubai kushushwa, na hapo ndipo wengi wetu tunapotoweka.

Kwa hiyo, anza na kalenda. Ukirudi kutoka makaburini, weka kikumbusho kwenye simu yako cha wiki ya tatu, na kingine cha mwezi wa pili. Kufikia wakati huo ndugu wa mbali wamesharudi makwao na daftari la michango limefungwa. Nenda na kitu cha jikoni: unga, maharage, mafuta, sabuni. Usimuulize mjane anahitaji nini, kwa sababu mtu mwenye haya atakujibu tu kwamba anamshukuru Mungu. Uliza jambo mahususi: "Mama, cheti cha kifo kimeshatoka?" Swali hilo hufungua mengi. Kwa Tanzania, kufuatilia cheti RITA, wakala wa serikali unaosajili vifo, kuitisha kikao cha ukoo, kuandika muhtasari wake na kuupeleka mahakamani ili msimamizi wa mirathi ateuliwe ni kazi ngumu kwa mtu ambaye nyaraka zote alikuwa akizishika marehemu. Kama unajua kusoma fomu, msindikize. Kaa naye kwenye benchi asubuhi nzima, msomee kilichoandikwa, kisha umwachie uamuzi yeye mwenyewe. Ukianza kumsemea mbele ya mashemeji zake, umemwongezea mzigo.

Wagonjwa nao wanahitaji kurudiwa. Yule Msamaria wa Luka 10 alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima; halafu akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Tunalihubiri sana tendo lake la kusimama njiani, tukaisahau hiyo ahadi ya kurudi. Ukienda wodini, kaa muda mfupi, usidadisi ugonjwa, na usisimulie habari za jirani aliyefariki kwa maradhi hayohayo. Ukitaka kusema "nitakuombea", omba palepale kwa sauti ya chini, maneno machache. Kisha mgeukie anayeuguza, yule dada au mama aliyelala sakafuni siku kadhaa bila mtu kumsalimu. Mletee chakula cha moto, au umpokee zamu usiku mmoja akaoge na kulala kwao.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Katika sala za jumuiya tumezoea kusema, "Tumwombee fulani, ndoa yake inayumba," na kabla ya amina mtaa mzima umejua. Huo ni umbeya uliovikwa sala. Usitaje shida ya mtu bila ruhusa yake. Omba ukiwa peke yako chumbani, Mungu atamjua unayemkusudia. Na picha ya mama akipokea mfuko wa unga isipigwe kabisa, sembuse kurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Yesu alifundisha sadaka ya siri katika Mathayo 6, na mpokeaji ana watoto wanaosoma na watoto wenu.

Amekukosea mtu? Mathayo 18 imeshaweka utaratibu: mwendee wewe, mkiwa wawili tu, kabla ya kumwambia mwenyekiti au mchungaji.

Upendo huu upimwe pia kwa dada wa kazi. Torati iliagiza kibarua alipwe kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautazamia ujira huo. Yakobo naye akawakemea matajiri waliouzuia. Mlipe siku mliyokubaliana, hata kama mwezi huo una harambee ya ujenzi wa kanisa. Sadaka iliyotolewa kwa mshahara wake aliocheleweshewa si yako. Mwachie pia Jumapili yake ya kusali.

Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa umoja wao, AMECEA, wa mwaka 1973, waliamua kuujenga uhai wa Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo, na Walutheri nao wana jumuiya zao mitaani. Nyumba chache za jumuiya zikikaribiana, ni rahisi kujua jiko la nani halijawashwa tangu jana. Mkutano ujao, kabla ya kufunga, ulizeni nani alizika mwezi uliopita na nani yuko hospitali, kisha wawili wenu wapangiwe siku ya kwenda. Wewe unayesoma haya, usingoje kupangiwa: mpigie leo mfiwa mmoja unayemfahamu, umwambie Jumamosi utafika, na ufike.