Nani Hakufika Zahanati? Namna ya Kupima Kama Huduma Zinawafikia Maskini wa Mgwashi

Fungua kitabu cha MTUHA, yaani rejista ya taarifa za huduma za afya, katika zahanati yoyote ya Halmashauri ya Bumbuli, utakuta umri wa mgonjwa, jinsi yake, anakotoka na ugonjwa wake. Kama ana kitu au hana, hakuna mahali pa kuandika. Mwongozo huu ni wa mganga mfawidhi, mjumbe wa kamati ya kituo au diwani anayetaka jibu la kata ya Mgwashi bila kusubiri mradi wa wafadhili.

Utaambiwa mapema: huku sote maskini, unapima nini? Mwaka 1999 watafiti walizunguka vijiji vya Kilombero, Ulanga, Rufiji na Morogoro Vijijini, ambako mgeni angeona umaskini wa aina moja tu. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2003 na Joanna Schellenberg na wenzake katika jarida la Lancet, yalionyesha kuwa watoto wa kaya zenye nafuu kidogo ndio waliopelekwa zaidi kituoni wakiugua, na ndio waliopata zaidi dawa za malaria. Nafuu hiyo kidogo ndiyo tunayoitafuta.

Hatua ya 1: Chagua huduma moja

Usipime “huduma za afya” kwa jumla. Chukua kujifungulia kituoni. Kila mjamzito anaihitaji, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanajua nani amejifungua kitongojini. Kwa sera, mjamzito halipi, kwa hiyo pengo likionekana itabidi utafute sababu nje ya dirisha la malipo.

Mweleze Mganga Mkuu wa Halmashauri, kisha mtendaji wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji. Ukikusudia kuchapisha matokeo kama utafiti, anza na kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu.

Hatua ya 2: Tunga maswali ya mali

Usiulize kipato. Mkulima wa chai na maharage hana mshahara wa kukutajia, na mwenye nacho atakificha. Deon Filmer na Lant Pritchett wa Benki ya Dunia walionyesha zamani kwamba vitu vilivyomo ndani ya nyumba vinaweza kusimama badala ya hesabu ya mapato. Ndiyo njia ya tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu, ambazo hupanga kaya zote katika mafungu matano, na ndiyo ya EquityTool, dodoso fupi lililochujwa kutoka humo.

Dodoso la kitaifa linafaa ukitaka kuilinganisha Mgwashi na nchi nzima. Kwa kazi yetu lina kasoro: Dar es Salaam imo kwenye mzani huo huo, na kaya nyingi za milimani zitarundikana chini pamoja. Tunga orodha yako ya maswali kama kumi ya ndiyo au hapana, kila “ndiyo” alama moja: sakafu ya saruji, ukuta wa matofali ya kuchoma, taa ya umeme au sola, runinga, pikipiki, ng'ombe wa maziwa, godoro kwa kila kitanda, na kadhalika.

Yajaribu kwanza kwenye kaya ishirini. Swali linalojibiwa vilevile na karibu kila mtu lifute. Paa la bati huenda likawa la namna hiyo. Baiskeli usihangaike nayo. Nani mwenye hela zake atanunua baiskeli ya kusukuma kupanda mlima?

Hatua ya 3: Nenda majumbani

Hapa ndipo wengi hukata kona. Wanakaa mlangoni pa zahanati, wanawahoji wanaotoka, wanahesabu maskini wangapi wamo, kazi imekwisha. Lakini asiyekuja hawezi kuhojiwa akitoka.

Omba daftari la wakazi kwa mtendaji na uchague kaya kwa kuruka idadi ileile, mfano kila ya tano, ukihakikisha vitongoji vya mbali vimo. Nyumba ikiwa imefungwa, usihamie ya jirani. Rudi jioni. Anayeshinda kwenye vibarua hadi jua lizame ndiye hasa unayemtafuta. Anayehoji asiwe muuguzi wa kituo hicho, na ajue Kisambaa, maana bibi wa nyumba atajibu kwa uhuru zaidi. Majina yasiandikwe kwenye dodoso.

Uliza: kuna aliyejifungua katika miezi 12 iliyopita? Wapi? Omba kuona kadi ya kliniki.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Tuchukulie umepata kaya 300. Zipange kwa alama kutoka chini kwenda juu, kisha zigawe mafungu matatu ya kaya mia mia. Matano ni mengi kwa sampuli ndogo. Mfano huu ni wa kubuni:

- Fungu la chini: waliojifungua 26, kituoni 13.
- Fungu la kati: waliojifungua 20, kituoni 15.
- Fungu la juu: waliojifungua 14, kituoni 13.

Aliyekaa mlangoni angeona akina mama 41, kati yao 13 wa chini na 13 wa juu. Angeandika kwamba huduma inagawanyika sawa. Ukigawa kwa waliojifungua, fungu la chini ni asilimia 50, la kati 75, la juu 93. Kituo ni kilekile na akina mama ni walewale. Kaya maskini zilikuwa na uzazi mwingi zaidi, na nusu ya uzazi huo ulifanyika nje ya kituo.

Tahadhari: kwa idadi hii, mama mmoja wa fungu la juu ni asilimia saba nzima. Pengo dogo lisikupe presha.

Hatua ya 5: Uliza shilingi ilikoishia

Kwa kila uzazi, wa kituoni na wa nyumbani, andika nauli ya pikipiki, vifaa alivyoambiwa aje navyo, dawa za dukani na chakula cha msindikizaji. Uliza pia ilikuwa masika au kiangazi, usiku au mchana. Kwa kipimo, kumbuka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi katika utafiti wa kaya wa 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Nauli ya bodaboda ya usiku kwenye tope inamegwa humo humo.

Hatua ya 6: Peleka majibu, kisha rudia

Wasilisha kwa kamati ya kituo kabla bajeti haijapangwa, ukitaja vitongoji bila kutaja kaya. Mwaka unaofuata tumia maswali yaleyale na mipaka ileile ya alama. Ukibadilisha orodha katikati, hutajua kama waliobadilika ni akina mama au ni dodoso lako.