Shairi la lahaja: hesabu kwanza, sanifisha baadaye

Mwanafunzi wa Kongwa, Dodoma, akipewa shairi la Muyaka bin Haji wa Mombasa, mara nyingi huanza kwa kubadili maneno ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, yawe Kiswahili sanifu, kisha ndipo ahesabu mizani. Hapo ndipo uchambuzi unapoharibika. Tazama mishororo hii miwili niliyoitunga kwa mazoezi:

Asubuhi niendapo, huona kwa yangu mato
Mwanangu ateka papo, huteza kando ya mto

Isome kwa sauti ukigonga meza kwa kila silabi. Kila kipande kina mizani 8, mshororo mzima 16. Neno "mto" lina mizani 2, kwa kuwa "m" hapo hutamkwa peke yake; lakini "mwa" ya "mwanangu" ni mizani 1 tu. Vina vya kati ni -po, vya mwisho -to. Sasa andika "macho" badala ya "mato". Mizani haikupungua, ila kina cha mwisho kimevunjika. Na katika "ateka" hakuna anayechota maji: mtoto anacheka, kisha anacheza.

Kazi ngumu zaidi ni kutenganisha lahaja na uhuru wa mshairi. "Mato" na "huteza" si makosa wala si inkisari. Ni usemi wa kawaida wa Kimvita. "Yangu mato" ni jambo jingine: mshairi amepindua mpangilio wa maneno ili apate kina. Ukitilia shaka umbo fulani, lifuatilie shairi zima. Likijitokeza hata pale ambapo mizani na vina havilidai, yaelekea ni lahaja. Likionekana tu palipobana, andika inkisari (kufupisha neno), mazda (kulirefusha) au kuboronga sarufi (kupindua mpangilio wa maneno), na useme limesaidia nini.

Usidhani sikio la bara halitoshi kwa kazi hii. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliimudu arudhi hii, yaani kanuni za mizani na vina, na akawa mwasisi wa ngonjera, mashairi ya majibizano.

Ukigeukia wimbo wa Kigogo wa ngoma ya muheme, usiulazimishe kuwa na mizani 16. Sikiliza anayeongoza anaachia wapi na waitikiaji wanapokea wapi, kisha weka alama juu ya kila silabi ambayo pigo la ngoma linaiangukia. Vina visipokuwepo, sema havipo, uchambue urudiaji.